Reli Inayokwenda kwa Uzito wa Maji

Hotuba iliyotolewa mbele ya Waswahili wa Bristol, jioni ya kuamkia safari ya pamoja ya kwenda Lynmouth, Devon

Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana, na nyinyi watoto mliovumilia kukaa kitako mpaka saa hizi: assalaam aleikum, na kwa salamu zenu nyingine zote, hamjambo.

Kamati imenipa kazi moja. Kesho tunapanda basi kwenda Lynmouth, pwani ya kaskazini ya Devon, na huko tutapanda reli inayokwea jabali kutoka ufukweni hadi mji wa Lynton ulioko juu. Wakaniambia: wewe ni fundi wa lifti, tueleze reli hiyo imetoka wapi, tusiende kupiga picha tu na kurudi. Nimekubali kwa moyo mweupe, maana reli hii naipenda. Sababu nitaisema mapema ili mtu asihangaike kuisubiri: haina injini. Haina moshi, haina mota ya kuivuta, hainunui mafuta. Ilifunguliwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1890, ikiwapandisha watu kwa uzito wa maji ya mto, na hadi kesho tutakapoipanda ni kwa uzito wa maji ya mto. Nyingi za enzi yake zilifungwa, au zikawekewa mota za umeme. Hii imebaki vile vile, na nadhani najua kwa nini.

Tuanze na mahali penyewe, maana usipopaelewa hutaona watu walikuwa wanahangaikia nini. Lynmouth ni kijiji chenye bandari ndogo. Mito miwili, East Lyn na West Lyn, inashuka kwa kasi kutoka nyanda za juu za Exmoor, inakutana pale kijijini na kuingia baharini. Juu ya kijiji, kwenye kichwa cha jabali, mita kama 150 kwenda juu, ndipo ulipo mji wa Lynton. Aliye Lynton akichungulia ukingoni anaziona mashua za Lynmouth. Ni majirani kabisa, ila katikati yao limesimama jabali.

Nyuma ya Lynton ni Exmoor, vilima na matope na ukungu. Kuleta mzigo kwa nchi kavu ilikuwa dhiki, kwa hiyo katika karne ya 19 karibu kila kitu kizito kilikuja kwa bahari: makaa ya mawe, chokaa, vyakula, vingi vikivuka kutoka Wales ng'ambo ya pili ya Mlango wa Bristol. Sisi tuliozaliwa pwani tunajua habari za maji kujaa na kupwa, lakini bahari ya huku ina nguvu nyingine. Kwetu Mombasa bamvua likipanda sana ni mita nne hivi. Hapa mlangoni petu, Avonmouth, linapita mita 12. Chombo kikiingia Lynmouth na maji yakatoka, kinakaa chini, kimeegemea ubavu. Watu wanapakua kabla maji hayajarudi. Na wakishapakua, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu mzigo wote ule lazima upande Lynton kwa mgongo wa farasi au kwa mkokoteni, kwenye njia inayopanda mita moja kwa kila mita nne. Wanyama walichakaa upesi kwa njia ile.

Halafu wakaja wageni. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, vita na Ufaransa vilipowafungia Waingereza njia za kwenda kutembea Ulaya, wenye uwezo walianza kutafuta mandhari nzuri ndani ya nchi yao wenyewe, na Lynmouth ikajulikana. Baadaye meli za mvuke zikaanza kuleta watu kutoka Bristol na kutoka Wales. Hapakuwa na gati la kufaa meli hizo, hivyo zilitia nanga nje na abiria wakaletwa ufukweni kwa mashua za makasia. Akina mama wa siku zile, na magauni yao yale mazito, wakishashuka mashuani wanatazama juu na kuliona jabali. Wengine waliishia hapo hapo chini, na biashara ya Lynton ikakosa wateja iliokuwa inawaona kwa macho.

Nitoke kando kidogo niwaeleze watu wa huko ni watu wa namna gani. Januari 12, 1899, dhoruba kubwa, meli iitwayo Forrest Hall imo taabani baharini, na mawimbi ya Lynmouth hayaruhusu kuishusha mashua ya uokoaji. Wanakijiji wakaamua kuiburuza mashua ile, Louisa, yenye uzito wa tani 10 hivi, kwa nchi kavu, usiku, juu ya kilima cha Countisbury, maili 13 hadi Porlock Weir ambako bahari ilikuwa na kinga. Farasi kama 20 na watu kama 100. Wakabomoa kuta palipokuwa pembamba, wakafika alfajiri, wakaingia baharini bila kulala, na mabaharia wote wa Forrest Hall wakapona. Hao ndio watu tunaokwenda kwao kesho. Watu wa aina hii hawawezi kukaa miaka na miaka wanalitazama jabali bila kutafuta dawa yake.

Dawa yenyewe ilikwisha kuonekana kwingine. Mwaka 1875, Scarborough, pwani ya mashariki, ilifunguliwa reli ya kwanza ya namna hii katika Uingereza, kuwashusha wageni kutoka mahoteli ya juu hadi majengo ya starehe yaliyo ufukweni. Kisha kuna Saltburn, kaskazini zaidi, na hii lazima niieleze, kwa sababu ndiko alikopikwa fundi wetu. Mwaka 1870 Saltburn walijenga lifti ya mbao, ya wima, mita 37 kwenda juu, chumba cha watu 20, kutoka ufukweni hadi kichwani mwa jabali. Mwaka 1883 ikakaguliwa, nguzo zikaonekana zimeoza, ikafungwa na kuvunjwa. Mimi ninayekula kwa kazi ya lifti, habari hiyo inanigusa sana. Yule mkaguzi hakungoja ajali. Mahali pake pakajengwa reli ya mteremko, ikafunguliwa tarehe 28 Juni 1884, na bado inafanya kazi.

Aliyeichora ya Saltburn ni kijana aitwaye George Croydon Marks, aliyekuwa akisimamia idara ya lifti katika kampuni ya Richard Tangye. Alizaliwa mwaka 1858, maana yake Saltburn ilipofunguliwa alikuwa na miaka 26. Vijana mliomo humu, ambao mnaambiwa kila siku msubiri kwanza mkomae, hesabuni wenyewe. Marks huyu alikuja kuwa mbunge wa Cornwall kuanzia 1906 hadi 1924, akaanzisha pamoja na Dugald Clerk ofisi ya mambo ya hataza, yaani haki za wavumbuzi, yenye jina lao mpaka leo, na mwaka 1929 akapewa cheo cha ubaroni. Lakini mimi namheshimu zaidi kwa breki zake, na nitazifikia.

Wa pili ni mwenye fedha. George Newnes alizaliwa Matlock Bath, mji wa vilima huko Derbyshire, akatajirika kwa gazeti la bei nafuu, Tit-Bits, alilolianzisha mwaka 1881 kwa ajili ya wasomaji wa kawaida waliokuwa wamesahauliwa na wenye magazeti. Alifika Lynton, akaupenda, na fedha zake ndizo zilizoifanya reli iwezekane. Akajenga huko jumba kubwa kilimani, Hollerday House, na huko huko akafia mwaka 1910. Jumba liliteketea kwa moto mwaka 1913. Kesho tukifika juu mtaliona pia jengo la baraza la mji wa Lynton, ni zawadi yake, lilifunguliwa mwaka 1900.

Wa tatu ndiye anayetajwa kwa haraka katika vitabu, na mimi sitaki kumpitia haraka. Bob Jones, mjenzi, mtu wa Lynton. Marks alileta hesabu na Newnes akaleta fedha, lakini aliyelijua jabali lile, wapi mwamba ni mgumu na wapi unavunjika, ni Jones. Kazi ilianza mwaka 1887. Wakachimba mfereji ulionyooka katika mwamba, kutoka ufukweni hadi juu, urefu wa mita 263, kupanda mita 152. Katika kila mita moja na robo tatu ya reli, unapanda mita moja. Hakuna treni ya kawaida inayoweza kusimama hapo, seuze kupanda. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa inakwendaje? Fikirieni ndoo mbili kwenye kapi ya kisima. Moja ikishuka, nyingine inapanda, na aliye juu hana haja ya kuvuta kama ndoo inayoshuka ni nzito kuliko inayopanda. Ndivyo ilivyo. Kuna mabehewa mawili, moja juu na moja chini, yamefungwa pamoja kwa waya mnene wa chuma unaozunguka kapi kubwa iliyoko juu. Uko waya mwingine unaozunguka kapi ya chini, kusudi uzito wa waya wenyewe uwe sawasawa pande zote. Njia zao ni mbili, zimekaribiana, na katikati ya safari zinapanuka ili mabehewa yapishane. Chini ya sakafu ya kila behewa kuna tangi la galoni 700, yaani lita 3,182.

Behewa lililoko juu linajazwa maji. La chini nalo limeshuka na maji yake. Abiria wakishaingia pande zote mbili na madereva wakishapeana ishara, dereva wa chini anafungua maji yake yamwagike. Anapunguza, anapunguza, mpaka inafika nukta la juu linakuwa zito kuliko la chini, na hapo yote mawili yanaanza kwenda. Hakuna kishindo. Unasikia maji, kisha unaona ardhi inaondoka.

Ngojeni niwape hesabu moja, kwa sababu mimi niliifurahia sana nilipoifanya. Behewa moja hubeba watu 40. Ukimpa kila mtu kilo 70, hao ni kilo 2,800. Lita 3,182 za maji ni kilo 3,182. Kwa hiyo hata behewa la juu likiwa halina abiria hata mmoja, dereva peke yake na tangi lililojaa, linaweza kulipandisha la chini lililosheheni watu na kumwaga maji yake. Tangi lile lina ukubwa unaotosha kwa siku mbaya kuliko zote, siku ambayo wote wako chini wanataka kupanda na hakuna anayeshuka. Kwa mtu wa fani yangu hicho ni kitu kizuri sana kukiona, fundi aliyewafikiria abiria wote kabla hawajafika.

Wakenya mliomo humu, haya si mageni sana katika historia yetu. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa kule Kikuyu, kabla njia ya kudumu haijakamilika mwaka 1901, mabehewa yalishushwa bondeni kwa kamba za waya kwenye mteremko mkali, na uzito wa yanayoshuka ukasaidia kupandisha yanayopanda. Ile ilikuwa ya muda, ikang'olewa. Kanuni ni moja.

Naona Mama mmoja hapo mbele ameshika shavu. Najua unaniuliza nini: na waya ukikatika? Ni swali la haki, na ndilo Marks alilojiuliza kwanza. Katika kazi yetu, tangu lifti za karne ya 19, kanuni kuu ni kwamba breki isitegemee mtu kukumbuka kuikamata. Breki ikae imebana, na mtu afanye kazi ya kuiachia. Dereva wa behewa la Lynton analazimika kuishikilia breki kwa mkono wake ili behewa litembee. Akizimia, akitelezeshwa, akiachia kwa sababu yoyote ile, breki zinabana zenyewe. Na si seti moja. Zipo vipande vya chuma vinavyokandamiza reli kutoka juu, na zipo koleo zinazoibana reli kwa pembeni, na nguvu inayozitumikisha inatokana na maji. Behewa moja peke yake linaweza kujishikilia jabalini hata likiwa limetengana na mwenzake. Mwaka 1888 Marks, Newnes na Jones waliandikisha hataza ya breki hizo, na jina la mjenzi wa Lynton likakaa pamoja na ya wakubwa. Hapo historia ilimtendea haki.

Lakini breki nzuri walikuwa nazo wengine pia, na reli zao zimekufa. Kwa hiyo nije kwenye jambo ninalotaka mlishike. Mwaka 1888 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda kampuni ya reli hii, na ndani ya sheria hiyo kampuni ikapewa haki ya kudumu, isiyo na tarehe ya mwisho, ya kuchukua hadi galoni 60,000 za maji kwa siku kutoka bonde la Lyn. Hizo ni lita 272,765. Ukigawa, ni matangi 85 yaliyojaa kila siku ya Mungu. Maji yanachukuliwa mto West Lyn, huko juu, yanaletwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya maili moja mpaka kwenye matangi ya stesheni ya juu. Yanashuka kwa mteremko wake yenyewe. Yakishafanya kazi ya kuwapandisha watu, yanamwagwa chini na kwenda baharini, ambako yangekwenda hata kama reli isingekuwapo.

Tafadhali liangalieni jambo hili kwa makini. Maji hayasukumwi kurudi juu. Hakuna pampu. Ndiyo tofauti kati yao na sisi wa hapa Bristol, maana sisi pia tulikuwa nayo. Wengi wenu mnapita Hotwell Road, chini ya daraja la Clifton, bila kujua kwamba ndani ya jabali lile kuna reli. Watu ni wale wale, Newnes na Marks. Iliitwa Clifton Rocks Railway, ikafunguliwa Machi 1893, ndani ya handaki lililochimbwa mwambani, nayo ilikwenda kwa maji. Ila Clifton hapakuwa na mto kichwani. Maji yaliyofika chini yalipaswa kupandishwa tena kwa pampu, na pampu inataka injini, na injini inataka mafuta na mshahara wa mtu. Barabara ya Portway ilipofunguliwa mwaka 1926 na watu wakahamia magari, mapato yakapungua, gharama za pampu hazikupungua. Ikafungwa mwaka 1934. Wakati wa Vita Kuu ya Pili handaki lile likawa mahali pa kujikinga na mabomu, na shirika la BBC likaweka mitambo humo. Leo ni kimya.

Scarborough nako wakaweka umeme mwaka 1935. Bridgnorth, reli nyingine ya Newnes na Marks, ya mwaka 1892, nayo ikageuzwa ya umeme. Siwalaumu, walifanya walichoweza. Hata treni yenyewe ya kutoka Barnstaple hadi Lynton, ya njia nyembamba, ambayo Newnes aliipigania pia na ikafunguliwa Mei 1898, haikudumu. Stesheni yake iliwekwa mbali juu ya mji, abiria wakishuka bado wana mwendo. Magari yakaja, na Septemba 1935 ikafungwa. Ya jabalini, iliyokuwa ndogo kuliko hiyo kwa kila kipimo, haikutetereka, kwa kuwa gharama ya kuisukuma ilikwisha kulipwa mara moja tu, siku ile bomba lilipofika mtoni na sheria ikatiwa saini.

Na haikuwa ya watalii peke yao. Naomba mlikumbuke hili mnapoona mabehewa yale mazuri. Reli ilipofunguliwa ilipandisha makaa ya mawe, chokaa, unga, vifaa vya ujenzi, kila kilichokuwa kikimchakaza farasi. Vyumba vya abiria vilitengenezwa viweze kuondolewa, kikabaki kitako tupu cha kubebea mzigo, na magari yalipoingia nchini, yale ya mwanzo mwanzo ambayo injini zake haziwezi mlima wa Lynmouth, nayo yakapandishwa kwa reli. Gari la petroli limekaa juu ya tangi la maji, linapelekwa juu na mto. Mji ukiitegemea njia kwa mkate na moto wa jikoni, hauiachi ife.

Maji yale yale yaliwapa na taa. Mnamo mwaka huo huo, 1890, Lynmouth ilijengewa kituo cha umeme wa nguvu ya maji, miongoni mwa vya mwanzo kabisa Uingereza. Kijiji cha wavuvi kilikuwa na umeme wakati miji mingi mikubwa ilikuwa bado inawasha gesi.

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ninawasifia mto West Lyn, na sitawatendea haki watu wa Lynmouth nikiusifia na kunyamaza.

Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti 1952, mvua ilinyesha Exmoor kwa namna ambayo haijasahaulika. Milimita 229 katika saa 24, juu ya ardhi iliyokwisha kulowa kwa mvua za siku za nyuma. Ardhi haikuweza kunywa zaidi. Maji yakaingia mabondeni, na mabonde ya East Lyn na West Lyn yanaishia Lynmouth. Mito ikabeba mawe makubwa, ikang'oa miti, miti ikaziba madaraja, madaraja yakawa mabwawa, mabwawa yakapasuka moja baada ya jingine gizani.

Na kulikuwa na jambo jingine. Miaka ya nyuma, West Lyn ulikuwa umeingizwa katika mfereji uliofunikwa, ili kijiji kipate nafasi ya kujenga maduka na nyumba pale mto ulipokuwa ukipita. Usiku ule mfereji ukaziba kwa mawe na magogo. Maji hufuata mkondo. Mto ukarudi kwenye njia yake ya zamani, na kwenye njia hiyo walikuwa wamelala watu.

Watu 34 walikufa. Wengine 420 wakabaki bila makazi. Majengo zaidi ya 100 yalibomoka au kuharibika vibaya, madaraja 28 kati ya 31 yakaondoka, magari 38 yakachukuliwa mpaka baharini. Kituo cha umeme kikafutika. Mnara wa bandarini, Rhenish Tower, ukaanguka. Ule mtakaouona kesho ulijengwa upya mwaka 1954. Njia ya reli, iliyo upande wa magharibi, pembeni ya bandari na mbali na midomo ya mito, ilisimama.

Mimi kwetu Mombasa nimeona nyumba zilizojengwa juu ya mikondo ya maji, na nyinyi wa Dar es Salaam mnaijua Jangwani kuliko mimi. Sina haja ya kuwaeleza jinsi mtu anavyoshawishika na kiwanja kitupu karibu na mto mdogo unaoonekana mpole miaka yote. Waliochora reli walijua maji ya Lyn yana nguvu gani kwa sababu walikaa wakaipima, lita kwa lita, wakaweka breki mbili mahali ambapo moja ingeonekana inatosha. Waliofunika mto walikuwa watu wazuri pia, wenye shida ya nafasi. Waliyatazama maji hayo hayo wakati wa kiangazi.

Baada ya mafuriko, mto ulipanuliwa, ukaachwa wazi, ukapewa nafasi yake. Kesho mtauona una upana mkubwa kuliko unavyohitaji siku za kawaida. Mtu akiwauliza mbona wameacha nafasi yote hiyo katikati ya kijiji, mwelezeni.

Basi, mambo machache ya kesho. Basi linaondoka saa mbili kamili asubuhi, na nawaomba iwe saa mbili kweli. Leteni makoti, hata kama hapa kuna jua. Wenye wazee au watoto wadogo, reli inawachukua vizuri, lakini tupange foleni mapema kwa sababu watu huwa wengi. Mkiwa chini, msikimbilie kuingia. Simameni pembeni kidogo muone behewa la chini likimwaga maji kabla ya kuondoka, na muutazame mkono wa dereva, jinsi usivyoachia breki hata kwa nukta moja. Mkiwa njiani, kaeni upande wa baharini kama mnaweza, mtaiona Wales ng'ambo hali ya hewa ikiwa safi. Na kule juu, watoto, angalieni maji yanavyoingizwa tena tangini, mje mniambie yanatoka wapi.

Jambo la mwisho ni ombi kwa kamati. Ratiba inasema tukishuka basini tuelekee moja kwa moja kwenye reli. Pale Lynmouth kuna ukumbi wa kumbukumbu ya mafuriko, na ndani yake mfano mdogo wa kijiji kama kilivyokuwa kabla ya Agosti 1952. Naomba tuanzie pale, sote, na watoto pia, tusome kilichoandikwa na tuwaombee waliopotea. Tukitoka hapo ndipo twende tukapange foleni ya reli. Haitachukua zaidi ya nusu saa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali, karibu.